Brillante Mendoza na hotuba za Duterte: bado tumwite msanii huru?

MwanaPangani
Wakuu salaam. Kuna jambo linanikera tangu Duterte, rais wa zamani wa Ufilipino, akamatwe Machi 2025 na kupelekwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC), kwa mauaji ya vita vyake dhidi ya dawa za kulevya. Tunaofuatilia filamu za Ufilipino tunamjua mwongozaji Brillante Mendoza, mtu wa San Fernando, Pampanga. Miaka mingi alikuwa kwenye matangazo ya biashara na kupanga mandhari za filamu za wenzake. Filamu yake ya kwanza, Masahista, ilitoka 2005 naye ana miaka 45, tena kwa fedha za kuungaunga. Miaka minne baadaye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, wakampa tuzo ya mwongozaji bora kwa Kinatay. Mei 2016 akarudi huko na Ma' Rosa, Jaclyn Jose akaondoka na tuzo ya mwigizaji bora wa kike.

Ma' Rosa ni habari ya mama mwenye kiduka cha mtaani Manila anayeuza shabu, dawa ya kulevya, kidogo kidogo chini ya meza. Polisi wanamkamata yeye na mumewe, wanataja bei ya kuwaachia, watoto wanahangaika mji mzima kutafuta hizo hela. Sijaona filamu iliyowavua nguo polisi wa Manila kama ile. Haya, Julai mwaka huo huo, mtu huyo huyo ndiye anaongoza matangazo ya Hotuba ya Hali ya Taifa ya Duterte pale bungeni Quezon City. Na 2017 akarudia. Wakati huo watu wanauawa usiku kwa kutuhumiwa tu dawa za kulevya. Polisi wenyewe walikiri zaidi ya 6,000 mpaka utawala ule unaisha. Watetezi wa haki wanasema huenda ni hadi 30,000.

Nauliza: huyu bado ni msanii huru? Mimi nasema hapana, na nasema kwa uchungu kwa sababu filamu zake nazipenda.

Chuma Ulete
Mkuu unatafuta mchawi. Hotuba ya rais ni kazi. Unaitwa, unapiga, unalipwa, unaondoka. Hana tofauti na mpiga video wa harusi, ambaye hamwulizi bwana harusi kama anampiga mkewe. Halafu kama hela ya serikali ni najisi, tuanze na Himala ya 1982. Wafilipino wengi wanaihesabu kati ya filamu zao bora kabisa, na ilitoka kwenye chombo cha serikali ya dikteta Marcos kilichokuwa chini ya binti yake, Imee. Mbona sijasikia mtu akimwita mwongozaji wake, Ishmael Bernal, kibaraka?

Dada Kamera
Samahani, ngoja kwanza hapo kwenye mpiga video wa harusi. Mimi ndiyo kazi yangu, Morogoro, na ndiyo inayosomesha wanangu. Nani amekwambia hatuulizi? Niliwahi kuitwa sherehe ya kijijini, nafika nakuta bibi harusi ni mtoto, vidole bado vina wino wa daftari. Nilirudisha kamera kwenye begi na kianzio nikakirudisha mkononi mwa baba yake. Alinitukana mbele ya ukumbi mzima. Kwa hiyo usituweke kwenye sentensi yako kama watu wasio na macho.

Chuma Ulete
Dada, sikukutaja wewe. Lakini kwa kuwa umejitokeza, naomba unijibu: hiyo harusi ilifungwa au haikufungwa? Maana na Duterte angehutubia tu, Mendoza awepo asiwepo.

Dada Kamera
Ilifungwa. Alipiga mwingine. Unaniuliza ili uonekane umeshinda, sawa. Lakini kwenye mkanda ule jina langu halimo, na yule binti akija kuuangalia ukubwani hatasema "yule dada aliniona akanyamaza". Kwako hicho si kitu?

Mpemba wa Muscat
Assalaam aleikum. Mnazungumza kama kwamba Ufilipino nzima ilimchukia Duterte. Mie nipo Muscat, nafanya kazi na Wafilipino, manesi na watu wa madukani. 2016 walikwenda kupiga kura ubalozini kwa furaha kama wanakwenda Idi. Wafilipino wa nje walimpa kura nyingi sana yule bwana. Ukiwauliza wanakwambia mama zao nyumbani walikuwa wanaogopa kutoka jua likizama. Mendoza ni mwananchi kama hao. Mwongozaji wa filamu hana haki ya kumpenda rais aliyechaguliwa?

Otis Eastlands
Mpemba, hao wafanyakazi wenzako hawakuzikwa wao. Walikuwa Muscat na mshahara. Waliouawa ni wa Tondo, Caloocan, Navotas, watu wa vibanda. Ni rahisi kupenda bunduki ikiwa iko mbali.

Mpemba wa Muscat
Otis, chunga ulimi wako. "Mshahara wa Muscat" unaujua wewe? Wapo akina dada wa Kifilipino hapa hawajaona watoto wao miaka. Kila mwezi wanapeleka pesa kwenye hivyo hivyo vibanda unavyovisema. Mtu wa mbali ana maiti zake vilevile.

Otis Eastlands
Sijatusi mtu. Nimesema waliopiga kura na waliokufa si watu wamoja.

Mpemba wa Muscat
Na mie nasema ni ndugu. Mtu na dada yake.

MwanaPangani
Tafadhali turudi kwa Mendoza. Mpemba, haki ya kumpenda rais anayo. Ninachouliza ni nini alikijua. Nesi wa Muscat hajawahi kusimama na kamera katikati ya chumba cha polisi akaonyesha noti za rushwa zinavyohesabiwa na kugawanywa. Mendoza ameonyesha, na ulimwengu ukampigia makofi. Alijua polisi wale ni watu gani. Halafu rais anasema polisi hao hao wapewe ruhusa, yeye anapanga kamera zimtazame vipi. Na haikuishia hapo. 2018 akatoa Amo, tamthilia ya Netflix kuhusu vita hivyo hivyo vya dawa. Mama mmoja aliyeuliwa kijana wake katika vita hivyo alianzisha ombi mtandaoni Netflix iiondoe. Haikuondolewa.

Otis Eastlands
Amo nimeitazama, na kusema ni sifa tupu kwa Duterte ni kumwonea. Polisi wachafu wamo. Na Alpha, The Right to Kill ya mwaka huo huo, polisi mwenyewe yumo kwenye biashara ya unga, tamasha la San Sebastián, Hispania, wakaipa tuzo ya jopo la waamuzi. Tatizo langu ni jingine. Ukitaka kuona msanii huru kwelikweli, nenda kwa Lav Diaz, mwongozaji mwingine wa Kifilipino. Septemba 2016 alibeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, na hakukaa kimya juu ya mauaji. 2018 akatoa Season of the Devil kuhusu wanamgambo wa enzi za Marcos. Watu wanaimba maneno yao mwanzo mpaka mwisho, hakuna hata gitaa, na kila aliyeitazama alijua anaongea na nani.

Chuma Ulete
Lav Diaz! Filamu ya saa nane! Iliyokwenda Berlin 2016 ni dakika 485. Mama wa Tondo anayefua nguo za watu ataitazama saa ngapi? Huo uhuru ni wa watu wa matamasha Ulaya.

Otis Eastlands
Na Ma' Rosa aliitazama nani Tondo? Hizo za Mendoza nazo kwao hazijazi ukumbi. Kinatay yenyewe mhakiki wa Marekani Roger Ebert aliiponda vibaya sana na mwongozaji Tarantino akamwandikia Mendoza barua ya kumsifu. Hao wote ni wageni. Watu wa kwao wanajaza kumbi kwa vichekesho na mapenzi.

Chuma Ulete
Sasa ndugu yangu umenisaidia. Kama kwao hazitazamwi, hela ya kula itoke wapi? Na swali la Himala bado hamjalijibu.

Mzee wa Kisosora
Vijana, mnamwacha mtu muhimu. Lino Brocka. Huyu ni mwongozaji wa enzi za Marcos, alitengeneza filamu za machozi za kuuza ili apate nafasi ya kufanya zile zake. Filamu yake Bayan Ko ilitoroshwa nje ya nchi kwa siri ikaenda Cannes 1984. Mwaka uliofuata akaunga mkono mgomo wa madereva wa jeepney, daladala za kule, wakamweka ndani. Alichukua hela ya soko, lakini hakumpa Marcos jicho lake. Na kumbukeni baada ya Brocka 1984 hakuna Mfilipino mwingine aliyeingia shindano kuu la Cannes mpaka Mendoza mwenyewe na Serbis, 2008. Mendoza alirithi kiti kile. Ndiyo maana inauma.

Otis Eastlands
Brocka si ndiye Marcos alimwua?

Mzee wa Kisosora
Hapana. Alikufa kwa ajali ya gari Mei 1991. Marcos mwenyewe alikuwa ameshafia Hawaii 1989.

Dada Kamera
Naomba niseme la ufundi, kwa kuwa mmesema mpiga video anapiga tu. Hotuba ya 2016 niliitafuta, nikaitazama jana usiku yote. Hotuba za marais tumezizoea: kamera moja mbele, usawa wa kifua, basi. Pale kamera inamfuata mzee usoni mpaka unaona ngozi, mara inakuja kutoka chini, mara pembeni. Ukimpiga mtu kutoka chini anakuwa mkubwa. Ukimsogelea hivyo anakuwa babu yako anayekusimulia, unamwonea huruma. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachofanya, na alikuwa na jicho zuri kuliko wote nchini mwake. Angekuwa fundi wa kawaida wa televisheni ya taifa nisingemlaumu hata kidogo. Aliyeitwa aliitwa kwa ajili ya lile jicho la Ma' Rosa.

Chuma Ulete
Hapo umesema la maana, lakini linanisaidia mimi. Kama alimwonyesha mpaka ngozi, huenda alituonyesha mtu alivyo.

Dada Kamera
Kaka, utabisha mpaka lini? Umemtazama yule mama wa mwisho wa Ma' Rosa anavyokula vile vipande vya samaki barabarani huku machozi yanamtoka? Mtu aliyeelewa njaa na aibu kiasi kile hawezi kuniambia hakuelewa anamtengenezea nani sura.

Mpemba wa Muscat
Dada, mwisho umeshausema na mie sijaitazama. Inapatikana wapi yenye maandishi ya chini?

MwanaPangani
Wakuu, swali lilikuwa: bado ni msanii huru?

Otis Eastlands
Dada Kamera, na wewe ulipoacha ile kazi, mkataba wako ulikuwa unakuruhusu? Nauliza kwa sababu nami napiga, na kuna mteja wa kampeni ananisumbua hapa Nairobi.

Dada Kamera
Siku hizo sikuwa na mkataba, tulikubaliana kwa mdomo. Sasa ninao. Umeandikwa wazi: nikikuta mtoto anaozeshwa, au mtu anapigwa, naondoka na kianzio nabaki nacho. Wateja wawili watatu wamenikimbia kwa sababu ya mstari huo. Wa kampeni mwambie uisome hotuba kabla hujapokea hata shilingi.

Chuma Ulete
Kianzio unabaki nacho? Huo ni wizi.

Dada Kamera
Ni nauli yangu na ya msaidizi wangu, na siku niliyowakatalia wengine. Njoo Morogoro nikuonyeshe mahesabu.