Mama mkwe kanikabidhi mbege ya Krismasi, nianze lini?

MbondeiWaMuheza
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mimi ni Mbondei, nimeolewa Kibosho, Uchagani, mwaka wa saba sasa. Kwetu Magila Krismasi ni wali wa nazi, kuku wa kienyeji na ukwaju wa baridi, basi. Huku ukweni bila mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, Krismasi haijafika, hata kama padri ameshamaliza misa ya mkesha.

Mpishi wa mbege siku zote ni mama mkwe. Mwaka huu magoti yamegoma, hawezi kuinama kwenye moto kutwa nzima. Juzi kapiga simu, baada ya salamu kaniambia, "Mbege utapika wewe." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa aibu yangu. Mwaka jana nilipewa kazi moja tu, kuotesha ulezi wa kimea. Nikauloweka vizuri, nikauchuja, nikaufunga kwenye mfuko wa nailoni nikijua joto ndilo linalotakiwa. Siku ya tatu nafungua, uvundo, na ukungu mweupe kama pamba. Mama hakunisema hata neno. Aliumwagia kuku (kuku nao wakaukataa), akajifunga kanga, akashuka sokoni kununua kimea cha watu. Heri angenigombeza.

Tunatoka Dar tarehe 19 alfajiri, jioni tuko nyumbani Mungu akipenda. Wanywaji pamoja na majirani ni kama 40. Nitawahi tarehe 25? Na msesewa, ule wa kutia uchungu, unapimwaje? Nikimuuliza mama ananijibu "unaonja tu," sasa mimi naonja nikilinganisha na nini?

MamaWaKihambani
Marahaba mwanangu. Ukisubiri ufike tarehe 19 ndiyo uanze kutafuta ndizi, mtakunywa mwaka mpya. Mpigie shemeji yako leo. Tarehe 12 hivi akate mikungu ya migomba ya pombe, mama anamwonyesha ipi, azivundike ziive. Mchare asiuguse, hizo ni ndizi za kupika mtori na machalari.

Tarehe 20 asubuhi menya, bandika. Usiwe na haraka na moto. Zinachemka kutwa mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu na harufu yake uisikie ukiwa barabarani. Zikiwa bado za njano hazijaiva, hata kama umechoka na macho yanawasha moshi. Zikipoa ziweke kwenye pipa safi, funika na majani ya mgomba, ziache siku tatu zichachuke. Usifunguefungue kuchungulia.

Tarehe 24 asubuhi chuja hayo maji ya ndizi. Unga wa kimea upikie uji, uache upoe kabisa, ndipo uchanganye. Wali wa jana unaweza kuupasha moto, mbege iliyomwagiwa uji wa moto huna la kuifanya. Ikilala usiku mmoja, tarehe 25 mchana inanyweka.

Msesewa ni gome la mti, ni chungu kweli kweli. Lichemshe peke yake, maji yake utie kidogo kidogo huku ukionja. Kipimo ninachowapa wakwe zangu: ukimeza, utamu wa ndizi utangulie, uchungu uje nyuma mdomo ukishafumba. Uchungu ukitangulia umeshazidisha. Utaongeza maji ya ndizi mpaka pipa lijae na bado wazee watakunja uso.

Ulezi sasa. Uloweke siku moja, uchuje, uweke ndani ya gunia la katani, siyo nailoni. Gunia linapumua, nailoni inatoa jasho, ndiyo maana ukaota ukungu. Nyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni. Mizizi ikitoka na kuanza kushikana, anika juani ukauke kabisa, saga. Hii fanya hapo hapo Dar kabla ya safari, uje na unga wako kwenye mkoba. Mama mkwe akiuona atajua mtu amejipanga.

MangiWaTabata
Shemeji, kwa nini ujitese? Pale njiani kuna wamama wanauza kwa ndoo. Nunua, mimina kwenye pipa la mama, nyamaza. Wewe shughulika na sisi tunaochinja mbuzi, tukuwekee kisusio cha moto. Ila uwahi, damu ikishaganda vibaya supu haina ladha.

MamaWaKihambani
Mangi, mbege ya kununua mama mkwe anaijua kwa harufu kabla kata haijafika mdomoni. Usimpotoshe mtoto wa watu. Halafu hicho kisusio chenu mwaka jana kilikuwa na chumvi ya bahari nzima.

SiNywiMimi
Dada, usitusahau sisi tuliookoka na watoto. Kwetu mama alikuwa anachota uji wa kimea uliopoa kabla hajauchanganya na maji ya ndizi, anauweka kwenye ndoo yake yenye mfuniko, anatia sukari kidogo. Watoto walikuwa wanagongeana vikombe kama baba zao. Hakikisha tu ndoo hiyo haijawahi kukaa mbege, maana machicha yakibaki kwenye kona uji unachachuka nao, na mchungaji wangu yuko makini.

Na kata ya kwanza usimpe mumeo hata kama ndiye kakulipia nauli. Anaanza mzee wa boma.

MbondeiWaMuheza
Asanteni sana, mama nakupigia magoti. Ulezi uko kwenye gunia tangu juzi, nimeuweka nyuma ya friji kwenye joto, na leo asubuhi nimeona vimizizi vyeupe vimetoka kama sindano. Hakuna harufu mbaya. Nimempigia shemeji, tarehe 12 anakata.

Nimempigia na mama mkwe nimweleze kuhusu gunia. Kanyamaza kidogo, kaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema watu wa mtandaoni, mmoja anaonekana ni wa kihambani kama yeye. Kasema niwaulize mnakuja wangapi, ili shemeji ajue aongeze mikungu mingapi.