Jina la stesheni linapitia wapi kwenye FM? Kwangu halionekani

Fundi_Kadutu:
Bandugu, jambo. Natengeneza redio hapa Kadutu, Bukavu. Taksi ya jirani ikikamata stesheni moja, jina linaandikika kwenye kioo cha redio, herufi nane. Nikachukua redio yangu ndogo ya mono, nikavuta waya kutoka kwenye spika hadi kompyuta. Zaidi ya sauti, sioni kitu. Mjomba anasema ni ujumbe wa siri wa wapelelezi. Niipateje hiyo ishara?

Muzee_Antena:
Kijana, mtulize mjomba. Hiyo ni RDS, njia ya kutuma data kama jina la stesheni pamoja na sauti; ilibuniwa Ulaya, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote. Inabebwa na wimbi lilelile la FM. Sauti ya mono inaishia 15 kHz, yaani mitetemo 15,000 kwa sekunde. Kwenye 19 kHz kuna mlio mwembamba unaoongoza stirio, stirio yenyewe inazunguka 38, na RDS iko 57, yaani 19 mara tatu. Sikio halifiki huko. Data inatembea biti 1187.5 tu kwa sekunde, ndiyo maana jina linachelewa kutokea. Marekani waliruhusu sabukaria za namna hii, yaani ishara za ziada ndani ya wimbi la FM, tangu 1955. Nyingine, kwenye 67 kHz, zinawasomea vipofu magazeti.

Yaya_Ruzizi:
Muzee amesema kweli, lakini kosa lako liko kwenye waya. Spika ni mwisho wa njia. Kabla ya hapo kuna kapasita inayopunguza sauti kali, muda wake mikrosekunde 50. Pale ishara ya 57 kHz inabaki sehemu moja ya 18, na RDS tangu mwanzo ni dhaifu. Chukua ishara mara tu inapotoka kwenye diskriminata, sehemu inayotoa sauti ndani ya wimbi la FM. Halafu angalia kadi ya sauti: ikipima mara 48,000 kwa sekunde, inaishia nusu yake, 24 kHz. Tafuta ya 192,000.

Fundi_Kadutu:
Yaya, kapasita niitoe kabisa?

Yaya_Ruzizi:
Hapana, inua mguu mmoja tu, utaurudisha. Ukitaka kusoma jina bila kompyuta ya mezani, tafuta chipu SAA6579, inayochambua RDS, kwenye redio za gari zilizokufa, pamoja na kristali yake ya 4.332 MHz. Inakutolea data na mapigo ya saa; kuyageuza herufi ni kazi ya kompyuta ndogo ya chipu moja (mikrokontrola).

Fundi_Kadutu:
Aksanti sana. Umeme umerudi usiku, nimeinua mguu. Mstari wa 19 kHz umesimama wazi kabisa kwenye kompyuta! Nimemuita mjomba auone. Kadi yangu ni ya 48,000, kwa hiyo 57 bado. Mwenye ya 192,000 hapa Bukavu aniandikie, hata ya kuazima siku moja.