Naomba ushauri: mtoto anasumbuliwa na chokea kila mara

Habari zenu wapendwa. Binti yangu wa miaka 6 anatokwa na chokea, yaani kijipu kwenye ukingo wa kope, mara kwa mara. Kijipu kimoja kikipona, kingine kinachomoza. Daktari alituelekeza kumkanda kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, na tusikitumbue kamwe. Kukanda kunasaidia kweli.

Shida yangu ni kuzuia kisirudi. Mliowasafisha watoto kingo za kope kila siku kwa shampuu ya watoto iliyozimuliwa, mliona tofauti? Jirani anasema nimpake dawa ya macho ya tetrasaikilini (antibayotiki) iliyobaki nyumbani, lakini sitaki bila kupimwa. Uvimbe ukisambaa kuzunguka jicho pamoja na homa, najua ni hospitali usiku uleule. Kuna dalili za mapema zaidi mlizowahi kuziona?