Mabaka hayarudi rangi baada ya dawa ya fangasi, nibadilishe dawa?

Tabibu_Zahanati
Wakuu, naomba ushauri. Kijana wa miaka 22 ana mabaka yaliyofifia kuliko ngozi yake, kifuani, mgongoni na mabegani, mwezi wa nne sasa. Hayawashi ila akitoka jasho. Amepaka klotrimazoli ya asilimia 1 wiki tatu. Unga wa ngozi inayobabuka umepungua, mabaka yako palepale, naye anasema dawa ni feki. Hapa hatuna hadubini wala taa ya Wood (taa ya kukagulia ngozi gizani). Nimwanzishie griseofulvini, vidonge vya fangasi?

Ngozi_Kliniki
Griseofulvini hapana. Haimwezi Malassezia, fangasi wanaoleta mabaka ya aina hii (pityriasis versicolor), na terbinafini ya kumeza vilevile.

Kwanza livute baka kwa vidole viwili, au likwangue taratibu kwa ukingo wa slaidi. Ukitoka unga mwembamba, fangasi bado wapo. Usipotoka, yaelekea wamekufa na kilichobaki ni rangi tu. Fangasi hawa hutoa asidi inayozuia kimeng'enya cha kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, kwa hiyo ngozi huchukua wiki kadhaa hata miezi kurudisha rangi yake. Mgonjwa aambiwe hili siku ya kwanza, la sivyo atahama duka hadi duka akinunua dawa.

Unga ukiwepo: shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, kuanzia shingoni hadi kiunoni na mikono yote, akae nayo dakika 5 ndipo asuuze, kila siku kwa siku 5. Au salfaidi ya seleniamu ya asilimia 2.5, dakika 10, siku 7. Kosa kubwa ni kupaka juu ya mabaka yanayoonekana tu. Tyubu ya gramu 20 haitoshi mgongo mzima. Yakiwa yameenea sana, flukonazoli miligramu 300 mara moja kwa wiki, wiki mbili. Vidonge vya ketokonazoli achana navyo, vinaumiza ini. Ulaya na Marekani walivibana tangu 2013.

Afisa_KifuaKikuu_Ukoma
Nakazia: usimwachie aondoke hujapima hisia. Chukua uzi wa pamba, mwonyeshe kwanza unavyogusa, kisha afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila unapomgusa, ndani ya baka na nje yake. Gusa, usipanguse, ukipangusa atahisi hadi ngozi ya pembeni na utadanganyika. Papasa pia neva nyuma ya kiwiko na kando ya goti. Baka lililokufa ganzi ni ukoma mpaka ithibitike vinginevyo. Dawa zake ni bure: miezi 6 mabaka yakiwa 1 hadi 5, miezi 12 yakizidi.

Tabibu_Zahanati
Asante sana. Hisia ziko sawa kote. Unga umetoka mgongoni, kifuani hakuna. Duka moja lilimshauri krimu ya klotrimazoli iliyochanganywa na betamethasoni, ambayo ni steroidi.

Ngozi_Kliniki
Mgongo haufikii mwenyewe, hapo ndipo dawa haikupita. Apakwe na mtu. Hiyo krimu ya mchanganyiko aiache kabisa: steroidi hiyo huwapa fangasi nafasi, na yenyewe hufifisha ngozi nyeusi, kisha hutajua baka lipi ni la ugonjwa na lipi ni la dawa. Baka likigeuka jeupe pe kama chaki, bila unga, hasa kwenye midomo, vidole au macho, hiyo ni mbalanga. Mpeleke kliniki ya ngozi mapema.