Naombeni ushauri, nimpe mtoto wa kaka yangu Children of Blood and Bone au nisubiri kwanza?

Shangazi_Tabata:
Habari zenu wadau. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 13, yuko form one, anapenda kusoma balaa. Ameniomba hiki kitabu cha Tomi Adeyemi kilichotoka 2018, nikakinunua nikasema ngoja nikipitie mwenyewe kwanza, nimemaliza jana usiku na sa nipo njia panda.

Ukweli wangu ni huu. Mwanzo umenishika kweli, yule binti Zélie, mhusika mkuu, anajifunza kupigana na fimbo kwa Mama Agba, mama mzazi wa Zélie aliyenyongwa kwa mnyororo kipindi mfalme Saran alipowamaliza maji, yaani watu wenye uchawi (hilo neno lilinisumbua kurasa za mwanzo, kichwani nilikuwa naona maji ya kisimani), yaani ule msiba upo kila mahali hata miaka 11 baadaye. Amari ndo nimempenda kuliko wote, binti mfalme muoga anamuona baba yake akimuua rafiki yake Binta na bado anapata ujasiri wa kuiba ile hati ya kurudisha uchawi na kukimbia. Ila Inan, kaka yake Amari, jamani!! Anamwinda Zélie ili amuue, kijiji cha kina Zélie kinateketea, afu siku chache mbele wanapendana kwenye ndoto? Hapo nilikiweka chini nikakasirika. Sitaki binti yetu ajifunze kuwa mwanaume anayekuwinda ukimwelewa vizuri atabadilika.

mama_wa_watatu:
Dada mimi hofu yangu ingekuwa kwingine. Pale Zélie anapokamatwa wanamchora mgongoni kwa kisu lile neno la matusi wanalowaita watu wake. Wangu alikisoma na miaka 14 akaja kulala chumbani kwangu siku mbili. Sijutii kumpa ila ningekuwa naye karibu.

Kibatari:
Mi nasema subiri. Mle ndani kuna miungu, kuna kuita roho za wafu, mtoto wa miaka 13 bado mdogo kuchanganya na anayofundishwa nyumbani. Ongea na kaka yako kwanza, mtoto ni wake.

Msomaji wa Usiku:
Kibatari nakuheshimu na la kaka mtu umesema kweli, ila Oya na miungu wenzake hakuwatunga mwandishi, ni imani ya Wayoruba iliyovuka bahari na watumwa mpaka Brazili, na huko huko Brazili ndo mwandishi, ambaye wazazi wake ni Wanaijeria, alikutana nayo. Na yale maneno ya uganga ni Kiyoruba. Mimi nimesoma fantasia miaka mingi, kila mara majumba ya mawe na theluji, hiki ndo nimekutana na mji unaitwa Lagos na watu weusi wanapanda simba wenye pembe, nilisikia raha siwezi kueleza.

Kuhusu Inan, dada naona umemsoma nusu. Yule kijana ana uchawi ule ule anaouchukia, anajificha hata nafsi yake, na mwisho anaangukia upande wa baba yake. Kitabu hakimsafishi. Ila nakubali mapenzi yamekuja mbio mno.

dogo_wa_moro:
Kimezidi kurasa 500 na kinasimuliwa na watu watatu kwa kupokezana, mwambie aangalie jina juu ya kila sura la sivyo atapotea, mi nilipotea.

Shangazi_Tabata:
Asanteni sana. Msomaji wa Usiku hilo la Inan kurudi kwa baba yake umenifanya nifikirie upya, nilisoma mwisho kwa hasira. Nimeongea na kaka, amekubali ila nikae naye. Anakuja wikiendi, tutasoma sura kwa sura, ile ya kisu nitamsomea mimi. Mama wa watatu, wewe wako ulimwambia nini alipokuja kulala kwako?

mama_wa_watatu:
Sikusema kitu dada. Nilimsogezea nafasi akalala.