Ushauri: Nataka kutembea na hema pwani ya Ureno, bichi hadi bichi, bajeti ya mwanafunzi

Mtoto wa Muheza

Wakuu habari za majukumu. Mi ni mwanafunzi hapa Ujerumani, mwezi wa tisa kabla chuo hakijafunguliwa nataka mimi na jamaa yangu mmoja Mkenya tubebe mabegi ya mgongoni tushuke Ureno, tutembee kwa miguu pwani ya Atlantiki kuanzia Porto Covo mpaka Lagos, ile njia wanaita ya wavuvi. Nimeangalia video nyingi, watu wanapiga hema bichi, wanawasha moto, asubuhi wakifungua zipu bahari hii hapa, nikasema haya ndo maisha. Ukitoa ndege tuna kama euro 350 kila mtu kwa siku 12 hivi. Sasa naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na pande hizo, je kulala bichi kweli ni bure au kuna usumbufu, chakula inakuwaje, na hema la bei chee linatosha au upepo utatuabisha? Na sisi watu weusi wawili na mahema polisi hawatusumbui? Msinichoke.

Kiroboto Mwema

Kwetu ukilala bichi watu wanauliza kama mwenye nyumba kakufukuza 😂 nyie mnalipa na nauli ya ndege kabisa. Nakaa hapa nisome comenti.

Chuma Reli

Lala tu mkuu usiogope. Unaingia giza likishaingia, unatoka alfajiri kabla hawajaamka, nani atakuona? Wazungu wenyewe wanafanya hivyo kila siku.

Bi Mkubwa Lisboa

Mdogo wangu usimsikilize huyo wa juu. Mi naishi huku, ngoja nikueleze vizuri maana hizo video hazisemi yote.

Hiyo njia karibu yote, kuanzia huko juu mpaka kijiji cha Burgau, iko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia inaitwa Sudoeste Alentejano e Costa Vicentina, ina hadhi hiyo tangu 1995. Kupiga hema nje ya kempu ni marufuku, iwe bichi, iwe juu ya majabali, iwe porini, na faini yake ni mamia ya euro, yaani bajeti yako nzima inaweza kwenda usiku mmoja. Bichi wanazunguka polisi wa bahari na huku juu kuna GNR, askari wa vijijini, na hao wa "nani atakuona" wanasahau kwamba taa ya kichwani gizani inaonekana kutoka mbali sana. Wanaijua janja yote, kila kiangazi ni ileile.

Moto ndo usifikirie kabisa. Agosti 2023 moto uliwaka hapohapo wilaya ya Odemira, ukaanzia karibu na São Teotónio ukashuka mpaka Algarve, maelfu ya hekta yakaungua, watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa. 2017 kule Pedrógão Grande walikufa watu zaidi ya 60, wengi barabarani wakikimbia na magari. Ukiwasha kamoto kako ka kuchoma soseji wenyeji hawatakuchekea, na wana haki.

Lakini safari isife. Kuna kempu za kulipia zinaitwa parque de campismo, utaona mabango. Porto Covo ipo, Vila Nova de Milfontes ipo, Zambujeira ipo, karibu na Odeceixe ipo ya São Miguel, Aljezur ipo ya Serrão, Sagres ipo. Mna bafu la maji ya moto, sehemu ya kufulia, na zingine zina miti ya misunobari inakata upepo. Watu wawili na hema dogo moja, mwezi wa tisa bei inakuwa imeshashuka, mkigawana hamtaumia. Almograve nendeni hosteli ya vijana, ile ya Pousadas de Juventude, na Arrifana nako wanayo. Carrapateira ni kijiji kidogo, weka chumba mapema au pitilizeni kwa gari.

Bichi mnaishi mchana kutwa, mnaoga, mnalala kwenye kivuli, mnakaa mpaka jua lizame ambalo mwezi wa tisa linazama karibu saa mbili usiku. Usiku mnarudi kulala kwenye kempu. Hakuna mtu atawasumbua.

Chuma Reli

Sawa Bi Mkubwa, ila hapo raha ya kempingi imeisha, hiyo ni gesti ya kitambaa.

Bi Mkubwa Lisboa

Gesti ya kitambaa ina bafu. Wewe endelea kujificha vichakani.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote hakuna aliyetaja maji. Kijana wewe wa Muheza si mbali na Tanga, kaulize wavuvi wazee wa Deep Sea watakwambia kitu cha kwanza ni bamvua, yale maji makubwa.

Huko Ureno maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku kama kwetu, kila siku yanachelewa dakika hamsini hivi, na bamvua linapanda mita tatu na ushee. Sasa mwezi wa tisa ule ndo mwezi mbaya, maana karibu na tarehe 22 usiku na mchana vinalingana na bamvua za wakati huo, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huwa kubwa kuliko za mwaka mzima. Bichi nyingi za njia hiyo ni vipande vya mchanga katikati ya majabali. Mnashuka maji yamepwa, mnazunguka pua ya jabali kwenda bichi ya pili, mnanogewa, kuja kugeuka njia hakuna, mbele maji nyuma ukuta. Kabla hujashuka tazama mchanga, kuna mstari wa mwani na vijiti vilivyoachwa na maji ya mwisho, huo ndo mpaka wake. Ukiona mstari umegusa mguu wa jabali, jua kwamba maji yakijaa hapo pa kukaa hapapo. Jedwali la maji lipo kwenye simu, wekeni kabla hamjaondoka.

Na msikae chini ya jabali hata kama kuna kivuli kizuri. 2009 bichi ya Maria Luísa upande wa Albufeira jabali lilimeguka mchana watu wamejipumzisha chini yake, wakafa watano. Mabango ya kuonya yamewekwa, watu wanatandika taulo palepale kwenye bango.

Mtoto wa Muheza

Shikamoo mzee. Hili la bamvua sijaliona kwenye video hata moja, asante sana. Na maji ya kuoga vipi, ni baridi kiasi gani?

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Upande wa magharibi kiangazi ni nyuzi 17 mpaka 19 hivi, wewe umezoea 27 kwenda juu. Sababu ni upepo wa kaskazini, wao wanauita nortada, unasukuma maji ya juu kwenda baharini halafu maji ya baridi ya chini yanapanda. Ndo maana huko samaki wamejaa. Tembeeni kutoka kaskazini kwenda kusini kama mlivyopanga, upepo uwe mgongoni. Na kuogelea ogeleeni pale penye mlinzi na bendera, kuna mikondo inavuta mtu nje hata kama anajua kuogelea vizuri.

Bint Ukwaju

Mi naongelea vifaa maana naona wanaume mmekaa kwenye sheria tu.

Hema la bei chee linatosha, ila vile vigingi vyake vyembamba kama msumari kwenye mchanga ni bure kabisa, upepo ukija vinachomoka vyote kwa pamoja. Chukua mifuko minne ya plastiki migumu au vile vifuko vya kuwekea hema, jaza mchanga, funga kamba ya hema kwenye shingo ya mfuko, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, zika, kanyagia. Hapo nortada ipige inavyotaka. Hata kwenye kempu ardhi nyingine ni mchanga mchanga kwahiyo ujuzi huo utakusaidia. Mlango wa hema uangalie kusini.

Mtungi wa gesi HAURUHUSIWI kwenye ndege, hata kwenye begi la kuchekiwa, mtanunua mkifika, Decathlon ya Lisbon ipo. Ila angalia jiko lako ni la kuskrubu au la kubonyeza, maana Ureno na Hispania aina ya Campingaz imetapakaa na mtungi wake wa kubonyeza hauingii kwenye jiko la kuskrubu. Na vigingi vya hema kwenye begi la mkononi uwanja mwingine wanavizuia, kwahiyo mmoja wenu alipie begi moja la chini mweke vitu vyote vya chuma humo.

Uzito usizidi kilo 10 pamoja na maji. Porto Covo mpaka Milfontes ni kilomita 20 na sehemu kubwa ni mchanga laini, unatembea kama unasukuma mkokoteni wa maji. Siku hiyo ndo watu wanaanza kutupa jinzi za ziada 😅

Nyangumi wa Mtwapa

Niaje wadau. Mi ni Mkenya niko Porto. Kuhusu polisi na rangi, mbebe pasipoti halisi na ile kadi ya ukaazi ya Ujerumani, si picha kwa simu. Hiyo kadi inawaruhusu kuzunguka nchi za Schengen siku 90 ndani ya 180 kwa hivyo viza haihitajiki. Kempu wataitisha pasipoti waandike, hiyo ni kawaida kwa kila mgeni, usianze kupaniki. Hapo kwa vijiji watu ni wapole sana, wamezoea watu na mabegi. Sema bom dia ukipita, inafungua milango.

Na kitu wanafunzi wengi hawajui, kama mko na bima ya serikali ya Ujerumani geuzeni hiyo kadi muangalie nyuma, hapo kuna bima ya Ulaya, hospitali za umma Ureno wanaikubali. Lakini haifanyi kazi kwa mtu asiye raia wa Ulaya akienda Denmark au Uswisi, kwa hivyo usizoee.

Chakula sasa. Maji ya bomba ni salama, usinunue chupa. Sardini za kopo, mkate, nyanya, jibini, hiyo ni lanchi. Kama mtakuwa na hamu ya chakula kama cha nyumbani, São Teotónio kuna maduka ya Wahindi na Wanepali kwa sababu vibarua wengi wa mashamba ya matunda huko wametoka pande hizo, mchele, dengu, unga wa chapati, pilipili, kila kitu. Iko ndani kidogo si pwani lakini basi linapita. Mkitaka kula kwa hoteli siku moja, ulizeni prato do dia saa za mchana, ndio sahani ya siku, na ni bei nafuu kuliko kitu chochote kwa menyu. Zile zeituni na mkate wanaweka mezani kabla hujaagiza si bure, ukikula unalipa, kama hutaki mwambie airudishe.

Mtoto wa Muheza

Hiyo ya zeituni umeniokoa mkuu 😂😂 Sasa je tukivuka Hispania, kule bichi wanaruhusu?

Nyangumi wa Mtwapa

Zii. Hispania wana sheria ya pwani ya 1988, hema bichi ni marufuku nchi nzima. Ufaransa pia ufukweni hapana, ila wao wana kempu za manispaa bei poa sana.

Ukungu wa Glasgow

Kama roho yako haitulii mpaka ulale mchangani kihalali na bila kulipa, njoo Uskochi. Sheria yao ya 2003 inampa mtu haki ya kupiga hema kwenye ardhi nyingi isiyozungushiwa, mradi usiharibu na usikae karibu na nyumba za watu. Bichi ya Sandwood unatembea kama kilomita sita na nusu kutoka Blairmore, hakuna barabara, hakuna duka, mnabaki nyie na Atlantiki. Ubaya ni mvua, baridi, na vile visubi vinavyong'ata makundi kwa makundi upepo ukitulia. Na viza ya Uingereza ni nyingine, kadi ya Ujerumani haikufikishi.

Kiroboto Mwema

Mvua, baridi, visubi, na viza juu. Unamshauri au unamkomoa?

Bi Mkubwa Lisboa

Nimesahau kitu. Kati ya Almograve na Zambujeira mtapita Cabo Sardão, pale korongo weupe wanajenga viota juu ya majabali ndani ya bahari kabisa, wanasema duniani hakuna kwingine wanakofanya hivyo. Mwezi wa tisa makinda yameshaondoka mtakuta viota vitupu, lakini lundo lile la vijiti juu ya nguzo ya jiwe na mawimbi yanapiga chini lenyewe linatosha. Msisogee ukingoni kupiga picha, udongo wa juu ni laini unamomonyoka.

Na njia fuateni alama za kijani na buluu. Nyekundu na nyeupe ni njia nyingine, inapita ndani mbali na bahari.

Mtoto wa Muheza

Nimekaa na jamaa tumepiga hesabu. Siku 12 kwenda mpaka Lagos kwa miguu na bajeti yetu tumeona tutakuwa tunakimbizana, kwahiyo tunashuka Lisbon, basi kutoka stendi ya Sete Rios mpaka Porto Covo, tunatembea mpaka Odeceixe taratibu, kempu usiku, hosteli Almograve, kila bichi nzuri tunakaa nusu siku. Halafu Odeceixe tunachukua basi mpaka Lagos tunamalizia siku tatu huko. Moto hakuna, hema bichi hakuna. Chuma Reli usinune.

Chuma Reli

Sijanuna, mtume picha za gesti ya kitambaa.

Nyangumi wa Mtwapa

Poa sana hiyo plani. Lakini mabasi ya Odeceixe kwenda chini wikendi ni machache na msimu ukiisha yanapungua tena, angalieni ratiba ya wiki hiyohiyo kabla hamjalipia kempu ya Lagos. Mkikwama Odeceixe si mbaya, mto unakunja pale karibu na bichi na maji yake si baridi kama ya bahari.

Bint Ukwaju

Na mi nina begi la kulalia la ziada niko Köln, kama uko karibu njoo PM. Ulirudishe limefuliwa.