Sauti ya mtangazaji wa kike kwenye video za gemu inaitwa "kelele": tatizo ni maiki au ni watu?

Kioo_Nyamanoro
Wakuu, habari za jioni. Tunatengeneza video za kutangaza mechi za gemu ya mpira kwenye PS4, tupo Mwanza, watangazaji wawili, wa kike na wa kiume. Wote wanatumia maiki moja ya hedseti iliyochomekwa kwenye pedi, na chumba ni cha bati lisilo na dari. Kipindi kimoja ni dakika 6. Shida ni tatu: mwanzo wa mechi mara nyingi haumo kwenye rekodi, sauti ya dada inalalamikiwa kuwa "kelele", na maoni ya "mwacheni jamaa atangaze peke yake" hayaishi. Tuanzie wapi?

Pedi_Mbili
La kwanza ni jepesi. PS4 isipoguswa mipangilio hutunza dakika 15 za mwisho tu. Chukua dakika 12 za mechi, jumlisha muda wa nyongeza, marudio ya magoli na kubadilisha wachezaji, tayari umevuka. Kinachofutika ni kile cha mwanzo. Weka urefu wa rekodi uwe dakika 30, kisha bonyeza SHARE mara mbili harakaharaka kabla timu hazijaingia uwanjani. Mkimaliza, mara mbili tena.

Hapohapo kwenye mipangilio zima sauti ya maiki isiingie kwenye video. Ikishachanganyika na gemu haitenganishiki, na chochote utakachoifanyia sauti ya dada utakuwa unawafanyia na mashabiki wa uwanjani. Ndani ya gemu shusha watangazaji na muziki hadi sifuri. Muziki wa kwenye menyu ndio unaoleta madai ya hakimiliki. Acha mashabiki na mpira.

Bati_Na_Blanketi
Hiyo maiki moja ndiyo mzizi wa yote. Angalieni mmekaaje: hedseti iko kichwani kwa nani? Umbali ukiwa mara mbili, sauti inayofika kwenye maiki inashuka kama desibeli 6. Aliyekaa pembeni analazimika kupaza ili asikike, na sauti iliyopazwa inagonga bati na kurudi. Mtazamaji haoni viti vyenu. Anasikia mmoja anaongea vizuri na mwingine anafoka.

Kila mtu awe na maiki yake na faili lake. Simu mbili zinatosha kabisa. Kila simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), hezi 48,000. Sauti ya gemu isikilizwe kwa spika za masikioni, la sivyo itavuja kwenye simu zote mbili. Kipyenga cha kuanza kikilia, mmoja apige kofi moja katikati ya simu hizo; kofi hilo mlilinganishe na kipyenga cha kwenye video, hiyo ndiyo alama ya kupangia mafaili. Pigeni lingine kipyenga cha mwisho, maana saa za simu haziendi sawasawa kabisa na ya PS4. Mwisho ukionekana umechelewa, kata sauti wakati wa mapumziko na usogeze kipindi cha pili peke yake.

Blanketi mbili nzito za mitumba, hata pale soko la Mlango Mmoja zinapatikana. Moja itundikwe ukutani nyuma ya watangazaji, ya pili ifungwe kwa kamba juu ya vichwa vyao, chini ya bati, kama mnavyofunga chandarua. Mvua ikianza, simamisheni. Mlio wa mvua kwenye bati umeenea kwenye masafa yaleyale ya usemi, kwa hiyo kichujio kitakachoiondoa kitakula na maneno.

Filimbi_3
Dada ashushe tu sauti, aongee nzito kama wa redioni. Itaisha.

Bati_Na_Blanketi
@Filimbi_3 hapana, hilo litamharibu koo na halitatibu kitu. Sauti ya msingi ya mwanamke mtu mzima huwa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 165 na 255 hivi, ya mwanaume kuanzia 85 hadi 180. Watu wengi huchukua mpangilio uliotengenezwa kwa sauti nene, wanaongeza besi kwenye hezi 100 na ukali kwenye 4,000, halafu wanaubandika kwa kila mtu. Kwa dada, hapo kwenye 100 hakuna sauti yake. Mnachoongeza ni feni na jenereta la jirani. Na kwenye 4,000 maiki za bei rahisi zina ukali wao tayari, mnaurundika juu yake.

Fanyeni hivi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, faili la dada peke yake: kata yote yaliyo chini ya hezi 120, punguza desibeli 3 kati ya 3,000 na 5,000, kisha kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ya uwiano wa 3 kwa 1. Sikilizeni kwa spika ya simu, siyo hedseti, kwa sababu watazamaji wengi wanasikilizia huko. Kama "s" bado zinachoma, punguza kidogo kati ya 6,000 na 8,000.

La goli: maongezi ya kawaida yafike desibeli −18 hadi −12, na ukelele wa goli usivuke −6. Sauti ikigota sifuri inapasuka, na iliyopasuka haishoneki. Wakati wa goli ageuze uso pembeni ya maiki, aachie sauti yote.

Mama_Nahodha
Niongeze la maneno, kwa sababu maiki ikitengemaa bado mtawasikia. Ukisema "amepiga", "amekosa", "anatoka na mpira", Kiswahili hakikuulizi kama ni mwanamke au mwanaume. Jinsia tunaiingiza wenyewe: "shuti la kiume", "jamaa kaachia", "kwa mtoto wa kike amejitahidi". Timu za taifa za wanawake ziliingia kwenye gemu ya FIFA kuanzia FIFA 16 ya mwaka 2015, na kwenye EA Sports FC 24 ya 2023, jina jipya la gemu hiyohiyo, wanawake na wanaume wanaweza kupangwa kikosi kimoja kwenye Ultimate Team, sehemu ya kujijengea kikosi chako. Ukiwa na kikosi cha namna hiyo, "jamaa" wa mazoea atakwama mdomoni. Tumieni shuti zito, beki kakaza, namba tisa, kipa, nahodha. Yapo tele, na yanaeleza mpira vizuri zaidi.

Halafu mgawanyo wa kazi. Sikilizeni video tatu za mwisho na kalamu mkononi: nani ameeleza kwa nini goli limeingia, na nani amesalimia, amecheka na kusoma maoni? Kama uchambuzi wote uko kwa kaka, mtazamaji amefundishwa na ninyi kwamba dada ni wa pembeni. Badilishaneni kila mapumziko: kipindi cha kwanza dada atangaze na kaka achambue, cha pili kinyume chake. Na picha ya jalada yenye dada na neno "mrembo" iondoeni, inawaita walewale mnaotaka kuwafukuza.

Kioo_Nyamanoro
Asanteni sana, nimeandika yote. Na maoni yaliyopo tayari?

Mama_Nahodha
Yatenganishe kwanza. "Sauti inagonga bati" ni msaada, ijibiwe. "Offside hukuiona" ni mjadala wa mpira, iache hata kama ina makali. "Rudi jikoni" haina hoja: mfiche mwandishi wake kwenye chaneli, maoni yake hayataonekana na hatapewa taarifa. Kwenye mipangilio ya YouTube Studio, sehemu ya jumuiya, kuna orodha ya maneno ya kuzuia. Msitegemee chujio la mashine kwa Kiswahili. Andikeni kila umbo la tusi, lenye u-, lenye ki-, lenye vi-, na yale yanayoandikwa kwa namba badala ya irabu. Msiweke "jikoni" peke yake, wekeni maneno mawili pamoja, la sivyo mtawazuia wanaoongelea mambo mengine.

Vitisho ni kitu kingine. Kabla ya kufuta, piga picha ya kioo ionyeshe jina la akaunti, tarehe na anwani ya video. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu unyanyasaji wa mtandaoni, na polisi wataanza kwa kuuliza ushahidi. Kazi hiyo asiachiwe dada. Kaka ndiye asome maoni siku mbili za kwanza baada ya kila video.